Kwale Mwenye Miguu Mirefu

Nianze na upumbavu wenyewe, anayetaka kucheka acheke mapema tupate kuendelea: nikiwa bado mtoto wa kaptula iliyofungwa kwa kamba ya katani, nilichora ndege mmoja kwenye sufuria za kijiji kizima. Sisemi ndege wanaofanana. Nasema yuleyule. Kwale, anatazama kushoto, mkia juu, madoa kifuani, miguu mirefu. Na alama ya sufuria, kwa wewe uliyekulia kwenye nyumba yenye kabati la vyombo, ina kazi moja tu: kumwambia mtu kwamba hii ni yako, ile si yako.

Kilichonikumbusha ni mlio. Leo Jumamosi, wenzangu wengi wameteremka mtoni kufua kwa majani ya mpapai, maana sabuni siku hizi tunaisikia tu kama tunavyosikia habari za Ulaya. Mimi nimebaki bwenini kwa kisingizio cha tumbo. Lusekelo, anayelala kitanda cha juu yangu na kunidondoshea kunguni bila kuniomba ruhusa, amekaa kizingitini anagonga jina lake kwenye sahani mpya aliyoletewa na mjomba wake kutoka Tunduma. Ana msumari na jiwe. Ti. Ti. Ti-ti. Kisha ikanifikia harufu, ile ya alumini iliyochubuliwa, ya baridi, inayokaa kooni kama umelamba betri ya redio. Nilikuwa katikati ya kumsimanga kwamba jina lake ni refu mno, sahani itaisha kabla yake. Nikanyamaza. Akageuka akaniuliza kama kweli naumwa. Mimi nikinyamaza watu hunishika paji la uso.

Baba yangu alikuwa fundi wa kugonga alama. Haikuwa kazi ya kumtoa mtu shambani. Alilima kahawa na mahindi kama kila mtu kule kwetu juu, kwenye milima inayoitazama Mlowo kwa mbali. Lakini watu walimletea sufuria, na yeye aliwapa alama.

Kule kwetu msiba ukitokea, kila nyumba inapeleka sufuria, kwa sababu hakuna mtu mwenye vyombo vya kupikia umati ule peke yake. Msiba ukiisha, wanawake wanasugua vyombo vyote kwa majivu na mchanga, wanavifunika juu ya nyasi vikauke, halafu mama mmoja mwenye sauti anainua kimoja kimoja na kutaja alama. "Ya jembe!" Mwenye jembe anaitika, anachukua chake. "Ya nyota!" "Ya pembe!" Wakati ule kisomo cha watu wazima kilikuwa hakijafika, kwa hiyo ukiandika jina kwenye sufuria unamwandikia nani? Picha ndiyo iliyosomeka. Kila nyumba ilikuwa na yake, na karibu zote zilitoka mkononi mwa baba.

Namwona hata sasa. Sufuria ameivisha kwenye kipande cha gogo kama kofia, ili isibonyee. Msumari ameunoa kwenye jiwe la mto mpaka ncha imekuwa kama mwiba. Anagonga nukta moja, anapuliza, anagonga nyingine, chini kidogo ya mdomo wa sufuria, mahali ambapo moto hauli sana. Akimaliza anapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nguruwe, anafuta kwa kitambaa, na zile nukta zinabaki nyeusi, picha inaonekana ghafla kama mtu aliyetoka kwenye ukungu. Kitu kimoja tu kilinichosha: kabla ya kugonga alikuwa anaongea na mwenye sufuria mpaka jua linahama. Habari za mbuzi, habari za shemeji, habari za mtoto aliyechelewa kutembea. Nilimwona baba ni mtu wa soga. Nilijiambia nikiwa fundi mimi nitaanza na msumari moja kwa moja.

Alama ya nyumba yetu ilikuwa huyo kwale. Baba alimpata kwa babu, ambaye alikuwa akimchoma kwa chuma cha moto kwenye vibuyu vya pombe. Vibuyu vya babu sikuwahi kuviona, vilikwisha kupasuka kabla sijazaliwa. Nilimjua kwale wa baba tu. Na kwale wa baba alikuwa na miguu ambayo hakuna kwale yeyote porini angekubali kuonekana nayo, mirefu, kama ameazima kwa mbuni. Sikuicheka. Niliamini kabisa kwamba hiyo miguu ni siri ya ufundi, na kwamba nitakapokuwa mkubwa nitaambiwa maana yake.

Sikuambiwa. Baba alikufa kwa kichomi, majira ya baridi, mahindi yakiwa bado yananing'inia darini. Muda mfupi baada ya hapo ikaja Operesheni ya serikali ya kukusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, tukahamishwa.

Lori lilikuja safari moja. Ukipakia, umepakia, kisichopanda kinabaki mahameni. Kaburi la baba halikupanda. Lilibaki kule kwenye mibuni, na mimi nilikaa nyuma ya lori nikilitazama mpaka kona ikalichukua. Vyungu vilipasuka njiani, vibuyu vilipondwa na kitanda cha watu wengine, sufuria kuukuu zikachukuliwa na wasiojulikana. Iliyofika salama ilikuwa moja, kwa sababu mama aliikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Ilikuwa mpya. Baba aliinunua Tunduma kwa Mzee Hemedi, mfanyabiashara mtu wa Tanga aliyeleta vyombo kutoka ng'ambo, akaigonga kwale wake wa mwisho, akaanza kukohoa. Mama hakuipikia hata mara moja. Aliitundika kwenye fito za paa la jiko, ikawa inatutazama tunapokula.

Kijiji kipya kilipangwa kwa mistari kama madawati. Ukisimama mlangoni kwako unaona milango mingi sana, na huna hata mmoja wa kuingia bila kubisha hodi. Watu walitoka vitongoji tofauti, Wanyiha wa huku, Wanamwanga wa kule, kila kundi na salamu zake na vicheko vyake vya ndani. Watoto walikuja na timu zao za chandimu zikiwa zimekwisha kujaa. Mimi nikaanza uchekeshaji, kwa njaa ya kutazamwa. Niliiga mwendo wa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nzunda, anayetembea kama kiatu kimoja kina kokoto. Niliiga mbuzi akihutubia mkutano wa kijiji. Walicheka, kisha jioni wakaenda makwao kwa makundi yao, na mimi nikarudi nyumbani kumchekesha mama.

Mama hakucheka. Zamani alikuwa na kicheko kinachoanzia chini, kwenye tumbo, kinapanda taratibu, na kikifika juu ilibidi ashike kitu asianguke. Kule mlimani majirani walikuwa wanakisikia ng'ambo ya bonde. Sasa nilimfanyia mbuzi wangu mwenye hotuba, naye akasema, "Kula, ugali unapoa." Nilimfanyia Mzee Nzunda na kokoto lake. "Kula, Jailosi." Jioni zile nilisikia treni ya reli mpya ikipita mbali kule chini, nikafikiri hata treni ina watu wengi kuliko sisi.

Ndipo zikaja sufuria. Duka la kijiji lilifunguliwa, na shehena yake ya kwanza ya vyombo ilitoka kwa Mzee Hemedi yuleyule: mlundo wa sufuria za alumini za saizi moja, ndugu kabisa wa ile ya kwetu. Kila nyumba ilijitahidi ikapata. Na kila mwanamke alipofikisha yake nyumbani aliwaza jambo lilelile: hapa kijijini simjui mtu, msiba ukitokea itarudi kweli hii?

Wa kwanza kunijia alikuwa Mama Haonga, jirani wa mstari wetu, mwanamke wa sauti ambayo akikunong'oneza siri kijiji kinashukuru kwa taarifa. "Wewe si mtoto wa yule marehemu fundi?" akaniuliza. "Nimeiona ile ya mama yako pale juu. Nitilie kama ile. Ileile."

Nilivimba kichwa. Mama alikuwa shamba la kijiji. Niliishusha sufuria kutoka kwenye fito, nikafunua kitambaa alichofungia baba msumari wake, na hapo nikagundua kwamba sijui kuchora. Nilijaribu kwa mkaa kwenye kigae. Nikapata kitu kama kiazi chenye mdomo. Mtu mwenye akili angeanza kujifunza. Mimi nilikuwa na akili ya njia ya mkato. Nilichukua karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, mabaki ya ujenzi wa shule, nikaibandika juu ya kwale wa baba, nikaisugua kwa mkaa mpaka nukta zote zikajitokeza. Kisha nikatoboa kila nukta kwa sindano. Baada ya hapo ilikuwa unaweka karatasi juu ya sufuria yoyote, unapigapiga kitambaa chenye unga wa mkaa, unaondoa, na kwale huyo hapo, nukta kwa nukta, miguu yake yote. Kilichobaki ni kugonga. Sikuhitaji kuuliza habari za mbuzi wala shemeji. Nilijiona nimempita baba.

Wakaja wengine, mmoja mmoja, kwa njia ya nyuma ya jiko. Kila mmoja akasema neno lilelile: "Kama ile ya mama yako." Kila mmoja aliamini ni yeye tu aliyepata bahati hiyo, kwa sababu walikuwa bado hawatembeleani, na sufuria haikai uani kujitangaza. Nilipewa mayai, nilipewa viazi vitamu, niliitwa fundi. Zaidi ya yote, na hili sikumwambia mtu, nilipokuwa nagonga sikuwa peke yangu. Mlio ulikuwa ule. Harufu ilikuwa ile. Nikifumba macho kidogo, aliyekuwa akigonga hakuwa mimi.

Siku moja mama alirudi mapema. Niliinua macho nikamwona amesimama kwenye kona ya jiko, jembe begani, hasogei. Alikuwa anasikiliza. Nilitaka kumwonyesha, nikanyanyua msumari. Akachukua ndoo akaenda kisimani, na ndoo ilikuwa imejaa. Tangu hapo kila nilipoanza kugonga aliondoka. Nikadhani amekasirika kwa sababu sijafikia kiwango. Nikazidisha bidii.

Basi akafariki mama mzazi wa Mzee Nzunda, bibi mzee sana, wa kufa kwa amani na meno mawili. Ulikuwa msiba wa kwanza mkubwa wa kijiji kipya, na kila nyumba ilitaka kuonekana. Sufuria zilikwenda zote. Asubuhi ya siku ya maziko mama alisimama chini ya fito akatazama juu kwa muda. Kisha akaishusha ile sufuria, akaifuta kwa pindo la khanga, akaniambia, "Baba yako asingekubali watu wale nyumbani kwa balozi na sisi tumetundika chombo." Akaipeleka mwenyewe. Ilipikiwa kande, ikapikiwa maharage, ikashika moto kama nyingine zote.

Msiba ulipoisha wanawake walisugua vyombo, wakavifunika kwenye nyasi uwanjani kwa balozi. Mama Haonga, kwa sauti yake ile, ndiye aliyepewa kazi ya kutaja. Akainua ya kwanza, akapangusa chini ya mdomo wake.

"Ya kwale!" Naye akacheka kwa furaha. "Hii ni yangu mwenyewe, naiweka pembeni."

Akainua ya pili. Akatazama. Akatazama tena ile ya pembeni.

"Ya kwale?"

"Yangu!" wakaitika wanawake wengi kwa pamoja, kisha wakageukiana.

Akainua nyingine. Kwale. Nyingine. Kwale. Akaanza kuzifunua haraka haraka kama mtu anayetafuta pete, na kila moja ilikuwa na ndege yule anatazama kushoto, miguu mirefu, hana habari. Uwanja ukalipuka. Huyu anasema yangu ina doa jeusi, yule anasema zote zina doa jeusi. Mwanamume mmoja aliyekuwa amelewa mabaki ya pombe ya msiba akasimama akasema, "Akina mama, kwani hatupo kwenye ujamaa? Sufuria ziwe za kijiji!" Wakamfokea kwa pamoja, "Ujamaa wa shamba! Si wa jikoni!"

Kisha Mama Haonga, ambaye hakuwa na ubaya, alikuwa na mdomo tu, akashika kiuno akasema, "Jamani, hii si alama ya nyumba ya marehemu fundi? Kumbe sote ni wake zake! Mama Jailosi, mbona hukutuambia mko wengi hivi?"

Walicheka, hata Mzee Nzunda alificha uso kwenye kofia. Mimi, mpenda kuchekwa, nilitafuta pa kujificha nikakosa. Nilimtazama mama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, anachukua sufuria moja, anapitisha kidole gumba juu ya kwale, taratibu, kutoka mkiani mpaka miguuni, anaiweka. Anachukua nyingine. Kelele zikaanza kupungua. Mmoja mmoja wanawake wakaelewa anachotafuta, wakawa wanamsogezea zao. Alizipitia zote. Kisha akarudia mwanzo.

Akaniita karibu. Akasema kwa sauti ya chini, kama tuko wawili jikoni, "Jailosi, yetu ni ipi?"

Nilipiga magoti pembeni yake. Nilizitazama nukta zangu na nukta za baba, na hazikuwa na tofauti. Nilikuwa nimeifanya kazi vizuri. Nilikuwa fundi hasa.

"Sijui, mama."

Sijawahi kusema sentensi fupi kama hiyo, wala iliyonichukua muda mrefu kama hiyo.

Mzee Nzunda aliamua kwamba sufuria zote ni sawa, kila nyumba ichukue moja, isiwe ugomvi. Na kwa watu wengine ilikuwa kweli, zilikuwa sawa. Mama alisubiri mpaka wote wakachagua, akachukua iliyobaki. Tulirudi nyumbani. Aliiweka chini, sakafuni, hakuitundika. Kesho yake akaisongea ugali.

Adhabu yangu ilitoka kwa balozi. Nipite nyumba hadi nyumba, na pembeni ya kila kwale niweke alama nyingine, tofauti, ili tusiaibishwe tena. Na karatasi yangu ya saruji akaitia motoni mbele ya macho yangu. Niliitazama ikijikunja, yale matundu yakawaka kidogo kama nyota kabla hayajawa majivu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa Mama Haonga. Nilivisha sufuria yake kwenye gogo, nikashika msumari, na sikuwa na kitu. Hakuna cha kuiga. "Chora chochote," akasema, "ila usiniletee ndege." Nikaketi. Kwa kuwa sikujua pa kuanzia nikaanza kumuuliza: mbuzi wanaendeleaje, shemeji amepona? Akaongea. Jinsi anavyoongea mnaijua. Nilimtazama anavyofungua mdomo, na mkono ukaenda wenyewe. Nukta zilipinda, moja ilitoboa nusura ipite upande wa pili. Nilipopaka masizi na kufuta, ukatokea mdomo. Mdomo tu, umefunguka kabisa, na jino moja.

Aliutazama muda mrefu. Nilipima umbali wa mlango.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

"Ni alama tu, mama mkubwa."

Akapasuka kicheko, akamwita mumewe aje aone, akawaita wa nyumba ya pili. Mumewe alitazama, akasema, "Hii haiwezi kupotea hata Zambia." Baada ya hapo watu walinisubiri milangoni kwao. Mzee Nzunda nilimgongea kiatu na kokoto pembeni. Alinikimbiza kwa fimbo kwa heshima ya cheo chake, lakini sufuria hakuifuta. Jirani mwingine alipata kitanda kinachokoroma. Zilikuwa picha mbaya, zimepinda, za mkono wa kuku. Hakuna aliyesema kama za baba yako.

Hawakujua kwamba katika kila nyumba, kabla ya kuanza, niliigeuza sufuria kuelekea mwanga nikamtafuta kwale wa baba. Niliamini nitamtambua. Kila mara nilisema ni huyu, na kila mara nilipomtazama zaidi akawa wa kwangu, au hakuwa wa mtu. Sasa hivi, hapa bwenini na mlio wa Lusekelo masikioni, naweza kusema kilichonitokea: nilikuwa nimeijua karatasi, sikuwahi kumtazama kwale. Ningemtazama baba akigonga badala ya kumwona ni mtu wa soga, ningejua hata alipumzika wapi kati ya nukta na nukta. Yale maongezi ya mbuzi na shemeji ndiyo yaliyokuwa kuchora kwenyewe. Msumari ulikuja mwisho tu kumalizia. Na mama, siku ile uwanjani, hakuwa anatafuta ndege. Ndege alikuwa nao uwanja mzima. Alikuwa anatafuta mahali ambapo mkono wa mtu mmoja uligusa, na mimi, kwa kumpenda mtu huyohuyo, nilikuwa nimempaka kila mahali mpaka hakuonekana popote.

Leo ninagonga sahani za nusu ya bweni hili, na kila anayekuja namketisha mbele yangu kwanza, ananiona nampotezea muda.

Nilifika nyumbani kwetu mwisho. Ilikuwa saa ya kupika, moshi umejaa jikoni, mama anachambua maharage kwenye ungo. Nilivisha sufuria yetu kwenye gogo, nikakaa nayo. Sufuria ile ambayo labda ni ya baba, na labda ni ya Mama Haonga. Nilishika msumari juu ya nafasi iliyobaki pembeni ya kwale na mkono ukagoma. Kwa wengine nilikuwa na utani. Kwa nyumba hii nilikuwa nimeishiwa. Nikamuuliza, bila kumtazama, nikuwekee nini.

Punje ilianguka, akaiokota. Kisha akasema:

"Kwale wa babu yako hakuwa na miguu. Alisema amelala nyasini, miguu ya nini. Nilipoolewa pale kwao, nilikiona kibuyu, nikamcheka baba yako mpaka nikamwaga maji. Nikamwambia, ndege wenu huyu anatembelea nini? Akanuna, hakula. Kesho yake akaja na sufuria, amemwekea miguu, mirefu ile unayoijua, kwa hasira tu. Nikacheka tena, nikashika nguzo. Haya, na wewe weka wako hapo pembeni. Usinitazame mimi, tazama sufuria. Chora, nikucheke."